Kiazi kilichopitia kwenye chupa

Mkulima wa viazi mviringo wa Njombe au Nyandarua akilalamika kwamba mbegu imechoka, mara nyingi mchawi ni virusi. Kiazi huzaliwa na kiazi. Ugonjwa ulioingia msimu huu unawekwa ghalani pamoja na mbegu, unapandwa tena, na mavuno yanazidi kushuka. Dawa ya kunyunyizia ya kuviua hakuna.

Tiba ilitoka Ufaransa. Ilishajulikana kwamba virusi huwa haba kwenye ncha kabisa ya chipukizi. Mwaka 1952 Georges Morel na Claude Martin walitumia siri hiyo kuponya ua la dalia, na mwaka 1955 wakaponya viazi. Kazi yenyewe hufanywa chini ya hadubini: vijani vichanga vinabanduliwa kimoja kimoja hadi ibaki nundu isiyofika nusu milimita, inakatwa, inatiwa kwenye chupa isiyo na kijidudu hata kimoja. Ukikata kubwa, virusi vinafuata. Ukikata ndogo mno, inakufa.

Chakula cha humo chupani kilipatikana Marekani. Toshio Murashige, mwanafunzi wa Folke Skoog huko Wisconsin, alikuwa akisaka kichocheo kipya cha ukuaji kwenye maji ya majani ya tumbaku. Akakuta kinachokuza, kwa sehemu kubwa, ni madini. Kwa lugha ya shambani, mbolea! Mchanganyiko waliouchapisha mwaka 1962 ndio unaotumika hadi leo, pamoja na sukari na agaa ya kuugandisha.

Sura ninayoipenda zaidi, hata hivyo, ni ya Dalat, mji wa milimani nchini Vietnam. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakulima wa huko walikuwa wakizalisha miche ya chupa majumbani mwao, wakikata vikonyo, wakiviotesha na kuwauzia wenzao. Hesabu yake inatamanisha: mche mmoja ukitoa pingili nne kila mwezi, na kila pingili ikawa mche, baada ya miezi sita unayo miche 4,096.

Kwetu, kazi hii hufanyika Tigoni, karibu na Limuru nchini Kenya. Ila mnunuzi ajue: mbegu iliyotoka chupani ni safi, si sugu. Vidukari wakihamia kutoka shamba la jirani, virusi vinarudi nao. Kwa hiyo usiishie kumuuliza muuzaji bei. Muulize pia mbegu hiyo imepandwa misimu mingapi tangu itoke maabara.