Jinsi Wanafunzi wa Urubani Walivyofundishwa Kutua

Wengi hudhani ya kuwa kazi ngumu ya rubani ni kuipandisha eropleni. Sivyo. Kupanda ni kazi ya injini, bali kutua ni kazi ya mikono na macho. Na hapo ndipo wanafunzi walipovunja vyombo vyao tangu mwanzo, na wengine wakafa.

Wafaransa, zamani za Vita Kuu ya 1914 hata 1918, walimpa mwanafunzi kwanza eropleni yenye mabawa mafupi isiyoweza kuruka, wakaiita pengwini, kwa jina la yule ndege wa baharini asiyeruka. Akaiendesha uwanjani huku na huko peke yake, hata alipoweza kuinyosha akapewa nyingine. Mwalimu alibaki chini akitazama tu.

Mwingereza mmoja, Robert Smith-Barry, hakuridhika. Mwezi wa Desemba 1916 alipewa kikosi cha kufundisha huko Gosport, akatumia eropleni za Avro 504 zenye sukani mbili, mwalimu akisema na mwanafunzi kwa mpira wa kusemea ufikao masikioni. Hakumkinga mwanafunzi na hatari. Alimtia ndani yake makusudi, ili ajue kujitoa. Sisi tulio walimu twaona hilo lilihitaji moyo mkuu, maana mwalimu naye alikuwa ndani ya chombo kile kile.

Walakini chombo chenyewe kilikuwa na hila. Eropleni ndogo za siku zile, kama Tiger Moth ya 1931, zilitua kwa magurudumu mawili ya mbele na mkia chini, na uzito ulikuwa nyuma ya magurudumu hayo. Asukumaye mkokoteni ajua unavyopenda kupinda. Auvutaye huona wamfuata. Basi mwanafunzi akitua upande kidogo, mkia ulitaka kupita mbele, eropleni ikazunguka, bawa likavunjika.

Ndipo mafundi wakatia gurudumu chini ya pua, kama katika Cessna 172 iliyotolewa Marekani mwaka 1956. Kuzunguka kukapungua, likaja kosa jingine. Mwanafunzi ajaye kwa mwendo mwingi hugusa chini kwa gurudumu la pua, eropleni ikadunda. Naye kwa hofu huisukuma pua chini, ikadunda zaidi, hata gurudumu likavunjika na rafadha ikapiga ardhi. Kwa hiyo, kabla hajaachwa aruke peke yake, hufundishwa asishindane nayo, bali aipe injini nguvu zote, apande tena, auzunguke uwanja na kuja upya.