Bata wa Miwani na Siri ya Majira ya Baridi

Katika bahari iliyo kati ya Alaska na Siberia yuko bata ambaye kwa karibu karne moja na nusu wataalamu walijua nusu tu ya mwaka wake. Dume lina duara jeupe lenye ukingo mweusi kuzunguka kila jicho, mfano wa miwani, na jina lake limetokana na alama hiyo. Johann Friedrich von Brandt alimwingiza katika elimu ya ndege mwaka 1847, wakati Alaska ilipokuwa bado chini ya Urusi.

Ratiba yake ya kiangazi ilifahamika mapema. Mwezi wa Mei, barafu ianzapo kuyeyuka, bata hawa huwasili penye viota vyao katika nyanda za pwani: delta ya mito Yukon na Kuskokwim, pwani ya kaskazini ya Alaska, na pwani ya kaskazini ya Urusi. Wayupik wa delta hiyo, ambao tangu zamani huwawinda bata kwa chakula, waliujua ujio huo vizuri. Majike waanzapo kuatamia, madume hurudi baharini, na hiyo ni Juni au mwanzo wa Julai. Majike hufuata baadaye pamoja na vifaranga, Agosti na Septemba. Baada ya hapo hawakuonekana tena mpaka masika ya mwaka uliofuata.

Kitendawili hicho kingeweza kubaki starehe ya wasomi, lau idadi ya ndege isingepungua. Kati ya miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1990, bata wa miwani wa delta ya Yukon na Kuskokwim walipungua kwa zaidi ya asilimia 90. Sababu moja ilidhihirika: marisau ya risasi yaliyobaki matopeni baada ya uwindaji humezwa na bata watafutapo chakula, na sumu yake huwaua. Mwaka 1993 serikali ya Marekani iliwaweka katika orodha ya viumbe walio hatarini. Lakini sheria itamlindaje ndege mahali ambapo hapajulikani?

Basi wataalamu waliwapasua bata wachache, wakawatia mwilini vyombo vidogo vya kupeleka ishara kwa setilaiti. Mapema mwaka 1995 ishara ya mmoja wao ilitoka katikati ya Bahari ya Bering, mahali palipofunikwa na barafu. Ndege za uchunguzi zilipofika huko, kusini ya Kisiwa cha St. Lawrence, zilikuta bata wamesongamana katika nyufa za maji zilizobaki wazi. Hesabu za miaka iliyofuata zilionyesha zaidi ya 300,000. Bata wa pande zote tatu, wa Marekani na wa Urusi, walikuwa wakikutana hapo.

Sababu ya kuchagua makao hayo makali iko chini ya maji. Bahari hapo haina kina kikubwa, na sakafu yake ina kome wadogo tele. Bata huzama mita 40 hata 70 kuwafuata, kisha hupumzika juu ya barafu. Vyombo hivyo vilifichua pia ghuba ambamo bata hunyonyoka manyoya ya kurukia, wakakaa majuma kadhaa bila kuweza kuruka, mojawapo ikiwa Ledyard Bay.

Mwaka 2001 serikali ya Marekani ilitenga ghuba hizo za upande wake, pamoja na eneo la baridi, kuwa makao ya kuhifadhiwa. Marisau ya risasi yalikuwa yamekwisha katazwa nchini humo kwa uwindaji wa bata tangu 1991, na bata wa delta wameanza kuongezeka. Hata hivyo hofu haikuondoka. Taifa zima la ndege likikusanyika mahali pamoja, mafuta yakimwagika, au kome wakipungua, au barafu ikikosekana, pigo moja huwafikia wote. Mtafuta cha mvunguni sharti ainame. Hawa walitafutwa kutoka juu mbinguni, wakapatikana wakati walipokaribia kupotea.