Afya ya Umma na Majira Yaliyogeuka

Wahenga walinena kuwa kinga ni bora kuliko tiba. Lakini historia yatudai tujibu swali moja zaidi: kinga hiyo ni ya nani, na ni nani mwenye wajibu wa kuijenga?

Serikali ya kikoloni ililijibu swali hilo kwa kuwatenga watu. Mjini Dar es Salaam, wakati wa utawala wa Waingereza, uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi kati ya Kariakoo, walikokaa Waafrika, na sehemu nyingine za mji, kwa hoja ya kuzuia maradhi. Ugonjwa haukuondolewa, uliwekewa mpaka tu.

Baada ya Uhuru jibu lilibadilika. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa majuma 12, wananchi wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu na kujadili malaria, kichocho na maradhi ya kuhara. Mjadala uliishia kwenye jembe: vyoo vilichimbwa, vidimbwi vikafukiwa, majani yakafyekwa. Serikali ilitoa maarifa na uongozi; wananchi walitoa nguvu zao.

Hata hivyo, kazi ya msimu mmoja haitoshi. Mwaka 1997 kipindupindu kiliwapata watu zaidi ya 40,000 nchini Tanzania. Mwishoni mwa mwaka huo zilianza mvua kubwa za El Niño zilizoleta mafuriko Afrika Mashariki. Huko Garissa, nchini Kenya, maji yaliyotuama yalizalisha mbu walioeneza homa ya Bonde la Ufa kwa mifugo na watu.

Leo wataalamu wamethibitisha kuwa moshi wa makaa ya mawe na mafuta unaipasha dunia joto na kuzidisha mvua kubwa. Afrika imechangia sehemu ndogo ya moshi huo, lakini haikusalimika. Choo kilichochimbwa kwa kufuata majira ya jana hufurika kwa mvua ya leo, na kisima kilicho jirani huchafuka.

Hapana budi, basi, somo la mwaka 1973 liendelezwe. Kila kaya yaweza kuchemsha maji yake ya kunywa. Lakini hakuna kaya iwezayo kujenga mifereji ya mji mzima, wala kutabiri mvua na kuitahadharisha zahanati mapema. Hiyo ni kazi ya serikali, na ni haki ya wananchi kuidai.