Kompyuta ya sebuleni ilinisingizia

Wasee, leo hakuna video. Nimeamua kuandika kwa sababu hii stori nikiibana kwa sekunde tisini nitaiharibu.

Mwaka wa 2014 nilikuwa na miaka kumi na moja, tukiishi hapa Nyeri, upande wa Ruring'u. Sebuleni tulikuwa na kompyuta moja, ile ya mtumba kutoka Uingereza tunayoiita ex-UK, imefunikwa kitambaa cha krosheti kama mgeni wa heshima. Jumapili moja wamama wa chama walikuja kwetu baada ya kanisa. Mathe akaiwasha awaonyeshe picha za ruracio ya shangazi. Modemu ilikuwa imechomekwa, ndugu yangu alikuwa ameisahau hapo. Kabla hajafika picha ya tatu, kidirisha kikajifungua chenyewe. Mwanamke, nguo karibu hakuna. Mathe akakifunga, vikafunguka viwili. Wamama wakanyamaza, halafu wote wakageuka wakaniangalia mimi.

Nilichapwa wageni walipoondoka. Kompyuta ikahamishiwa chumbani kwa mathe, na nilikuja kuigusa tena nikiwa Form One.

Sasa, ukweli ni kwamba sikuwa nimeangalia kitu. Nilichokuwa nimefanya ni kuweka gemu ya pikipiki kutoka kwa flashi niliyopewa na kijana wa saiba, na kubonyeza "Next" mara nne bila kusoma. Ilinichukua miaka mingi kuelewa nilichokubali kwa hizo kubonyeza nne. Niliacha chuo mwaka wa pili (hiyo tutaongea siku nyingine, mathe anasoma hizi posti) na tangu wakati huo, nikiwa siandiki wala sirekodi, natengeneza kompyuta za watu. Kila wiki naletewa mashine "ina virusi". Nikiifungua, mara nyingi si virusi. Ni adiwea, yaani programu inayojibandika kwa kompyuta yako ili ikuonyeshe matangazo na mtu fulani alipwe.

Na hapo ndipo watu wengi wanakosea kuhusu historia yake. Tunafikiria ni kijana mmoja mhuni mahali fulani, amevaa kofia, anatuchokoza. Hapana. Hii kitu imekuwa na ofisi, wahasibu, mawakili na wawekezaji tangu siku ya kwanza.

Chukua Gator. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni moja ya California ilitoa programu ya bure ya kukukumbushia pasiwadi na kukujazia fomu za mtandaoni. Kitu cha maana kabisa. Lakini ikishaingia, ilikuwa inaangalia tovuti unazotembelea na kukurushia matangazo juu yake. Uko kwa ukurasa wa gazeti, tangazo la Gator linafunika tangazo ambalo gazeti limelipwa kuliweka. Mwaka wa 2002 wenye magazeti, wakiwemo Washington Post na New York Times, wakaenda kortini. Kesi ikaishia kwa makubaliano mwaka uliofuata, na mwaka huo huo kampuni ikabadilisha jina ikaitwa Claria. Si unaona? Jina likinuka, unavaa lingine. Mwaka wa 2004 Claria ikawasilisha karatasi za kutaka kuuza hisa kwa umma, na kwa hizo karatasi ndipo dunia ikajua kwamba mwaka wa 2003 peke yake iliingiza takriban dola milioni 90. Baadaye ikaghairi kuuza hizo hisa, na kufikia 2006 ikaachana na biashara hiyo.

Iliingiaje kwa kompyuta za watu? Kwa mgongo wa programu zingine. Kazaa, ile ya kubadilishana nyimbo iliyovuma baada ya 2001, ilikuwa inakuja na Gator tumboni. Ukitaka nyimbo, unabeba na mzigo. Wakati huo huo kulikuwa na sokwe wa zambarau anaitwa BonziBuddy, anaimba, anachekesha, watoto wanampenda. Wenye sokwe walitozwa dola 75,000 na serikali ya Marekani mwaka wa 2004 kwa kukusanya habari za watoto bila idhini ya wazazi. Miaka miwili baadaye kampuni nyingine, Zango, ikakubali kulipa dola milioni 3 kwa sababu programu zake ziliingia kwa kompyuta za watu bila ruhusa ya kweli na zilikuwa ngumu kutoa.

Wakati hayo yote yanatokea, sisi huku Mlimani hatukuwa hata kwenye meza. Kenya ilikuwa inapata intaneti kwa setilaiti, polepole na kwa bei ya kukata shingo. Nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka wa 2009: TEAMS ilitua Juni, na SEACOM ikawashwa Julai. Kutoka hapo ndipo saiba zikaanza kuota kila kona, Karatina, Othaya, Kerugoya, Nanyuki, na modemu zile za kuchomeka zikaingia nyumbani.

Kwa hivyo tuliingia sherehe Marekani ikiwa tayari imeshalipisha faini na kujifunza. Na tuliingia kwa njia yetu. Bando ilikuwa ghali, kwa hivyo hakuna mtu alikuwa anapakua programu mwenyewe. Mmoja anapakua, wengine hamsini wanapitishiwa kwa flashi. Ile nakala ya kijana wa saiba haikutoka kwa mwenye gemu. Ilitoka kwa tovuti iliyochukua gemu ya mtu, ikaifunga upya ndani ya kisakinishi chake, ikaongezea vitu vitatu unavyokubali usipotoa tiki. Tovuti inalipwa kwa kila kompyuta inayobeba hivyo vitu. Flashi moja ikitembea kutoka Skuta hadi Mukurwe-ini, mtu asiyejua hata Nyeri iko wapi anahesabu pesa.

Ongeza Windows ya kunakiliwa. Tusidanganyane, wengi wetu tulikuwa nayo. Ukishaweka ile programu ndogo ya kuifanya ionekane imelipiwa, unaambiwa uzime antivirusi kwanza, na unazima. Ni kama kumwambia askari wa geti alale ndio mwizi amalize kufunga mlango. Halafu unazima pia masasisho, kwa sababu yanakula bando. Windows XP iliacha kupata masasisho ya usalama tarehe 8 Aprili 2014. Mwaka huo huo wa kuchapwa kwangu! Na niamini, kuna saiba hapa kwetu zilizoendelea nayo miaka mingi baadaye, zikijaza fomu za KRA na HELB za watu.

Hiyo ya saiba nataka tukae nayo kidogo, kwa sababu ndiyo inaniuma kuliko wanawake wasio na nguo. Adiwea nyingi za miaka hiyo hazikukuonyesha tangazo chafu hata. Zilibadilisha ukurasa wa kwanza wa kivinjari chako na mahali pa kutafutia. Ukiandika "iTax", unaletewa orodha yao, na aliye juu ni aliyelipa. Cucu amekuja saiba na kitambulisho mkononi kwa sababu tangu 2015 ritani za kodi lazima zijazwe mtandaoni. Anayemjazia anabonyeza kilicho juu. Kikiwa ni ukurasa wa kuigiza, namba ya kitambulisho, PIN na pasiwadi zinaingia huko. Cucu hajui, kijana wa saiba hajui. Kompyuta ndiyo inajua.

Tena usifikirie ni programu za uchochoroni tu. Karibu na Tel Aviv kulikuwa na kampuni nyingi za visakinishi na vile vipau vya juu ya kivinjari hadi watu wakapaita Download Valley, yaani bonde la kupakua. Moja yao, ironSource, ilikuwa na kifaa cha kufungia visakinishi kinaitwa InstallCore ambacho antivirusi nyingi zilikuwa zinakizuia. Mwaka wa 2022 hiyo kampuni iliungana na Unity, wale wenye injini ya kutengenezea magemu, kwa mkataba wa zaidi ya dola bilioni 4. Na Lenovo, ndiyo hao hao wa laptopu, kuanzia Septemba 2014 waliuza baadhi ya laptopu mpya zikiwa na programu inaitwa Superfish ndani. Mpya, kwa boksi! Ili ipenyeze matangazo hata kwa kurasa zenye kufuli, Superfish iliweka cheti chake cha usalama kwa mashine, na kila laptopu ilikuwa na ufunguo ule ule. Mtafiti mmoja aliupata mwezi wa Februari 2015. Maana yake ni kwamba mtu aliyekaa nawe kwa waifai ya hoteli angeweza kujifanya benki yako. Lenovo waliacha kuiweka, na mwaka wa 2017 wakakubali kulipa majimbo 32 ya Marekani dola milioni 3.5.

Ukubwa wake? Mwaka wa 2016 watafiti wa Google na Chuo Kikuu cha New York waliangalia hii biashara ya kulipwa kwa kila usakinishaji. Google ilikuwa inatoa maonyo zaidi ya milioni 60 kwa wiki kuhusu programu za namna hii, karibu mara tatu ya maonyo ya virusi vyenyewe. Na bei ya kompyuta moja ilikuwa kati ya senti 10 za dola na dola moja na nusu, kutegemea nchi. Mnaweza kukisia sisi tulikuwa upande gani wa hiyo bei. Kuchapwa kwangu kulimlipa mtu shilingi kumi hivi.

Kuna wanaosema: si ulibonyeza mwenyewe? Ulikubali. Nimesikia hiyo hadi kwa watu waliosomea hii kazi, na sikubaliani nayo kabisa. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema idhini lazima iwe wazi, ya hiari, mahususi, na ya mtu aliyeelezwa anachokubali. Kisanduku kilichotiwa tiki kabla hujafika, kwa maandishi madogo ya kijivu, kwa lugha ambayo mtoto wa darasa la tano Nyeri anaisoma kwa kubabaika, hiyo si idhini. Hiyo ni mtego. Shida ni kwamba sheria ilikuja mtego ukiwa umeshahama.

Maana siku hizi hawahitaji hata usakinishe. Tangu 2015 Chrome iliruhusu tovuti kukutumia arifa, na hapo ndipo wamehamia. Mwezi uliopita mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliniletea kompyuta yake. Akaniambia kwa uchungu kwamba mjukuu wake anaangalia vitu vichafu, kila saa kwenye kona ya chini kunatokea picha na onyo la uongo kwamba mashine ina virusi 5. Kijana amekana, amelia, amenyang'anywa kompyuta na mtihani wa KCSE uko karibu. Nikaingia kwa mipangilio ya kivinjari, sehemu ya arifa za tovuti. Kulikuwa na tovuti tatu zilizoruhusiwa. Nikafuata historia hadi siku ile ruhusa ilitolewa. Ilikuwa Jumamosi jioni, kwa tovuti ya kuonyesha mpira bure, ile inayosema "bonyeza Ruhusu ndio uone mechi". Nikamuuliza Mwalimu kama kijana alikuwa nyumbani hiyo Jumamosi.

Akafikiria. Kijana alikuwa shuleni, hawajafunga. Mechi ilikuwa ya Arsenal.

Nilitoa hizo ruhusa tatu, kazi ya dakika moja. Nikapitia viendelezi vya kivinjari nikatoa kimoja ambacho hakuna aliyejua kilitoka wapi, nikapanga orodha ya programu kwa tarehe nikaondoa mbili zilizoingia siku moja, nikapitisha AdwCleaner, ambayo ni ya bure, ila uichukue kwa tovuti ya Malwarebytes wenyewe na si kwa flashi ya mtu. Nikamwekea uBlock Origin kwa Firefox, nikamtengenezea kijana akaunti yake isiyo na uwezo wa kusakinisha kitu bila pasiwadi ya babu. Nikamwonyesha Mwalimu kwamba akitaka programu aende kwa tovuti ya mwenye programu, na akiona chaguo la "Custom" alichague hilo, asome kila tiki kama anasahihisha insha.

Pia nilimwambia Windows 10 yake imefika mwisho Oktoba 2025 na hiyo mashine haiwezi kubeba 11. Tutaijaribu na Linux akipata nafasi.

Alinilipa, akakaa kidogo mlangoni, akaniuliza kama kuna namna kijana anaweza kurudishiwa kompyuta bila kuambiwa ilikuwa ni mechi ya nani. Nikamwambia, Mwalimu, mimi nilichapwa 2014 na bado nangoja.

Alicheka. Jioni kijana akanipigia simu mwenyewe kuniuliza hiyo Linux inawekwa aje.