Kutoka Kiwanda hadi Kiwanda: Msamiati wa Uashi na Historia ya Nyumba Baridi katika Upwa wa Afrika Mashariki

Mjadala wa majengo yanayotumia nishati kidogo huendeshwa mara nyingi kana kwamba Kiswahili kinaupokea kwa mara ya kwanza. Historia ya miji ya upwa inaonyesha vinginevyo. Makala haya yanatetea hoja kwamba istilahi za waashi wa Lamu, Kilwa na Unguja ni hazina ya maarifa ya kiufundi, na kwamba kupotea kwake ni hasara kwa sera kama ilivyo kwa lugha.

Nyumba ya mawe ya Lamu ilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Kuta zake, zenye unene wa takriban nusu mita, huchelewesha joto la mchana lisifike ndani upesi, na vichochoro vyembamba huzifanya nyumba zitiliane kivuli. Katikati kuna ua usioezekwa, uitwao kiwanda, unaoingiza mwanga na kupitisha hewa katika misana.

Kipimo cha nyumba kilitoka msituni. Miti ya mikoko ilipangwa kwa unene na kwa majina: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Kwa kuwa boriti ilibeba dari zito la mawe na chokaa, upana wa chumba haukuzidi sana mita 3. Boriti hizohizo zilisafirishwa kwa majahazi hadi Oman na Ghuba, zikaamua upana wa vyumba vya huko pia. Neno sakafu nalo lina ushahidi wake: kwa Kiarabu asili yake ni paa, lakini kwa Kiswahili likaja kumaanisha pia mahali pa kukanyaga. Katika nyumba ya ghorofa, maana hizo mbili hukutana katika tabaka moja.

Hata hivyo, historia hii isipambwe. Nyumba za mawe zilikuwa za wenye uwezo, na kazi ya watumwa ilichangia ujenzi wake. Wengi waliishi katika nyumba za udongo na makuti. Tanuu za chokaa ziliteketeza kuni nyingi, na ukataji wa mikoko ulifikia kiwango kilichoifanya Kenya ipige marufuku usafirishaji wa boriti nje ya nchi mwaka 1982.

Wakati huo saruji ilikuwa imekwisha kushika nafasi. Kiwanda cha Bamburi, karibu na Mombasa, kilianza uzalishaji mwaka 1954, malighafi yake ikiwa mawe yaleyale ya matumbawe ya kale. Tofauti ni moto: chokaa huiva kwenye nyuzi 900 hivi za selsiasi, ilhali saruji huhitaji takriban 1,450. Saruji iliruhusu vyumba vipana na ghorofa nyingi. Lakini kuta nyembamba chini ya paa la bati zilileta joto ambalo leo hupunguzwa kwa feni na viyoyozi.

Kiwanda, kilichokuwa jina la ua unaopoza nyumba, sasa kwa wasemaji wengi ni mahali panapotengenezwa saruji. Mabadiliko hayo ya maana ni muhtasari wa historia nzima. Kanuni za ujenzi haziwezi kudai kitu zisichoweza kukitaja. Kwa hiyo, kabla ya kubuni istilahi mpya za nishati, kamati za viwango na taasisi za Kiswahili zinapaswa kukusanya msamiati wa waashi na mafundi wazee, pamoja na vipimo vyake, wakiwa bado hai.