Hapa Machakos mbwa walikufa kabla ya watu

Sai kila mtu mwenye mbwa ni mtaalamu wa paketi. Anaigeuza, anasoma yale maandishi madogo, na akiona BHA ama ethoksikwini anairudisha kwa shelfu. Sawa, hiyo hofu ina msingi. Ethoksikwini hutiwa ili mafuta yasichache, lakini 1997 serikali ya Marekani iliomba viwanda vya chakula cha mbwa vipunguze kiwango chake kwa nusu, na 2017 Umoja wa Ulaya ukaisimamisha kwa chakula cha wanyama.

Lakini wasee, hebu tusome historia yetu wenyewe. 1977 mbwa wengi walikufa Nairobi, Mombasa na Eldoret, na shida ilikuwa chakula kilichohifadhiwa vibaya kikaota kuvu. Hiyo kuvu hutoa sumu ya aflatoksini, ambayo huharibu ini. Huwezi kuiona, na kupika hakuimalizi.

1981 ikafika kwetu. Watu 20 walilazwa hospitalini wilaya ya Machakos, macho yakiwa ya manjano, na 12 wakafa. Madaktari walipofuatilia wakakuta ni mahindi. Waliandika pia kwamba hua ndio walianza kufa, wakafuata mbwa, halafu watu. Yaani onyo lilikuwa limelala pale uani.

2004 ikarudi kwa nguvu Makueni, Kitui na Machakos: watu 317 waliugua, 125 wakafa.

Ndiyo maana mtu akiniambia, "Mimi mbwa wangu nampikia ugali, sitaki kemikali," namuuliza mahindi yametoka wapi. Wengi wetu tunajua yale yaliyoota kuvu, yasiyofaa muthokoi wala unga, humwagiwa mbwa na kuku. Na paketi nayo haikuokoi. Mwisho wa 2005 kampuni ya Diamond huko Marekani ilirudisha chakula chake kutoka sokoni kwa sababu ya aflatoksini, baada ya mbwa kufa. Kuandikwa "haina kemikali" hakukuambii mahindi ya ndani yalikaushwa vipi.

Kwa hivyo endelea kusoma paketi, lakini kagua gunia pia. Kausha mahindi vizuri, yaweke juu ya mbao, mbali na unyevu, na yaliyoota kuvu usimpe mnyama yeyote. Na mbwa akikataa kula, atapike, ufizi uwe wa manjano, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Halafu uangalie kile nyinyi mnakula.