Kuona Hakutoshi: Hadubini na Ugonjwa wa Usubi katika Nchi ya Wagusii

Historia ya afya katika milima ya Gusii, kuanzia Itumbe hadi Nyamira, husimuliwa zaidi kwa majina ya dawa: kwinini, DDT, klorokwini, na siku hizi dawa mseto za malaria. Masimulizi hayo yamesahau chombo kimoja na kazi tatu zilizoambatana nacho. Chombo ni hadubini. Kazi ni kuchora, kupima na kuhesabu. Lenzi peke yake hukuza kilicho kidogo, basi. Ujuzi wa kutegemewa ulianza pale kilichoonekana kilipochorwa kwenye karatasi, kikapimwa urefu na kuhesabiwa, ili mtu wa mahali pengine na wa mwaka mwingine aweze kukihakiki. Ushahidi wa dai hili uko mlangoni pa Wagusii: ni kisa cha usubi, ugonjwa wa upofu wa mtoni, katika mabonde ya Kodera na Riana.

Ugonjwa huu huletwa na mnyoo uitwao Onchocerca volvulus. Minyoo wakubwa hukaa ndani ya vinundu chini ya ngozi. Majike huzaa mabuu wadogo wengi mno, waitwao mikrofilaria, ambao hutambaa ndani ya ngozi wakileta muwasho mkali, na wakifika machoni huweza kupofusha. Katika magharibi ya Kenya walisambazwa na nzi mdogo aitwaye pia usubi, aina ya Simulium neavei, anayezaliana kwenye mito yenye kivuli cha misitu. Kuutambua ugonjwa huo kulihitaji tishu yenyewe: kipande kidogo cha ngozi huinuliwa kwa ncha ya sindano, hukatwa kwa wembe, kisha hulowekwa katika tone la maji ya chumvi juu ya slaidi mpaka mikrofilaria watoke. Hapo ndipo kazi zile tatu zilipoanza. Mikrofilaria wa usubi ana urefu wa karibu milimita 0.3, hana ala ya kufunika mwili, na ncha ya mkia wake haina viini vya seli. Dalili hizo ndizo zinazomtenga na jamaa zake wa damuni na ngozini, nazo hazikamatwi kwa kutupa jicho mara moja. Kifaa kiitwacho kamera lusida kilimwezesha mchoraji kuona slaidi na karatasi kwa pamoja, penseli ikafuata umbo. Mikromita ya kwenye lenzi ikatoa urefu. Anayechora hulazimika kuamua mkia unaishia wapi. Anayetazama tu anaweza kulikwepa swali hilo.

Mwaka 1946 watafiti P. C. C. Garnham na J. P. McMahon walitia DDT, dawa ya kuua wadudu, katika mito ya Kodera, karibu na mpaka wa Wagusii na Waluo, na mwaka uliofuata wakachapisha taarifa kwamba usubi ametoweka huko. Hapa pana pingamizi zito. Wakati huo hakuna aliyejua mabuu wa Simulium neavei huishi wapi. Ni mwaka 1950 tu ndipo mtafiti van Someren na McMahon walipotangaza kwamba hushikamana na miili ya kaa wa mtoni. Kama ushindi ulitangulia maarifa, je, sifa si ya DDT peke yake? La, kwa sababu DDT humuua usubi wala haimgusi mnyoo aliye mwilini mwa mtu, na mnyoo huyo huishi zaidi ya miaka kumi. Mto ulikuwa safi huku wakazi wakiendelea kujikuna. Aliyewatazama wagonjwa tu angeweza kusema kwamba kazi imeshindwa. Idadi ya mikrofilaria katika kila kipande cha ngozi, ikishuka mwaka hadi mwaka, pamoja na ngozi safi za watoto waliozaliwa baadaye, ndiyo inayotenganisha ugonjwa unaoenea na ugonjwa unaokufa polepole. Ndiyo maana watafiti waliwapima tena wakazi wa maeneo yaliyosafishwa nchini Kenya miaka 9, 11 na 18 baada ya usubi kutoweka, na matokeo yakachapishwa mwaka 1967 katika jarida la Shirika la Afya Duniani.

Malaria inathibitisha jambo lilo hilo. Daktari Alphonse Laveran alipoona vimelea katika damu huko Algeria mwaka 1880, michoro ilikuwa sehemu ya ushahidi wake. Garnham naye, akiwa Kenya, alichunguza maini ya kima na kukuta humo hatua iliyofichika ya kimelea jamaa wa malaria. Mwaka 1948 yeye na mtafiti mwenzake H. E. Shortt walionyesha kwamba malaria ya binadamu pia hupitia ini. Milimani idadi ina uzito wa pekee. Pwani ya Ziwa Victoria mtoto aliyezoea malaria anaweza kubeba vimelea bila homa, ilhali mkazi wa milima ya Gusii, mwenye kinga ndogo, huugua kwa vimelea wachache zaidi. Ndiyo sababu mlipuko kama ule wa Gucha na Kisii mwaka 1999 huwa mkali kwa watoto na watu wazima.

Wengine watasema kwamba hesabu hizi hudanganya kwa sura ya uhakika. Mtaalamu wa maabara huhesabu vimelea dhidi ya seli nyeupe 200, kisha huchukulia kwamba kila mikrolita ya damu ina seli nyeupe 8,000. Vimelea 50 vikawa 2,000. Seli hizo hazilingani kwa watu wote, na vipande vya ngozi havilingani kwa uzito. Ni kweli. Lakini kosa linalojulikana chanzo chake linaweza kusahihishwa, jambo lisilowezekana kwa neno “wengi” au “wachache”. Mkulima wa Itumbe hakubali chai yake ikadiriwe kwa macho kwenye kituo cha kununulia. Hudai mizani, hata akijua mizani nayo huhitaji kukaguliwa. Pingamizi la pili ni la haki zaidi: sayansi hii ilikuja na utawala wa kikoloni, na waliokatwa ngozi hawatajwi kwa majina katika taarifa hizo. Deni hilo halifutiki. Lakini kulilipa si kuikataa hesabu. Ni kukiri kwamba hesabu ile ilitoka katika miili ya watu wa mabonde yale, nao ni washirika wa ugunduzi.

Leo kipimo cha haraka cha malaria hutoa jibu ndani ya dakika chache, na kimewafaa wengi mahali pasipo umeme wala mtaalamu. Hata hivyo hakisemi vimelea ni vingapi, na aina inayotumika sana inaweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Daktari anayetaka kujua kama dawa inashinda au inashindwa bado anamhitaji mtu wa kuketi kwenye hadubini na kuhesabu. Kwa hiyo ujuzi huo ufundishwe kwa bidii katika maabara za Kisii na Nyamira, na rejista za zamani za slaidi zihifadhiwe kama tunavyohifadhi vinyago na nyimbo. Safu zile za tarakimu ni kumbukumbu ya jinsi jamii hizi zilivyojua, bila kubahatisha, kwamba ugonjwa wa usubi umekwisha.